Arobaini Haina Kodi

Kwetu Tanga mzazi hulala arobaini. Siku hizo hashiki ufagio wala haendi sokoni. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, na mwenye sauti ndani ya nyumba ni mama yake au shangazi yake. Arobaini ikitimia hutolewa nje, akaogeshwa, akafukizwa udi, na kuanzia hapo watu humhesabu kuwa mzima mwenye mtoto, si mgonjwa tena. Sikuwahi kufikiri kwamba mpaka huo wa bibi zetu ningeukuta umechorwa, karibu siku ile ile, ndani ya sheria za kodi za Marekani.

Nimeukuta kwa sababu nimejifungua mara mbili katika nchi hii, kila mara katika jimbo jingine: binti yangu Oakland, California, mwaka 2021, na mdogo wake Bronx, New York, mwaka 2023. Nimeukuta pia kwa sababu kazi yangu ni karani wa mishahara, mtu anayelipwa kuyatazama makato ambayo wengine huyapitia juu juu. Na kila msimu wa kodi ninajitolea katika mpango wa serikali ya shirikisho unaowasaidia wenye kipato kidogo kujaza ritani zao bila malipo. Anayetaka kujitolea hufanya mtihani kwanza. Mimi nilifanya wa kwangu nikiwa na mtoto mgongoni.

Nianze na California, maana huko ndiko mambo haya yalikoanzia. Kwenye hati ya mshahara ya karibu kila mfanyakazi wa jimbo hilo kuna herufi CASDI. Hayo ni makato ya bima ya jimbo kwa mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda kwa ugonjwa au maumivu yasiyotokana na kazi, na ndani ya bima hiyo hiyo imo likizo ya familia yenye malipo. Mwaka 2021 makato yalikuwa asilimia 1.2 ya mshahara. Bima ya ugonjwa ina umri wa wazee wetu, tangu mwaka 1946. Sehemu ya familia ni changa: Gavana Gray Davis aliitia saini mwaka 2002 na malipo yakaanza Julai 2004, kabla ya jimbo jingine lolote. Sheria ya taifa zima, ile ya mwaka 1993, inampa mfanyakazi wiki 12 za kukaa nyumbani, lakini bila senti, na hata hizo ni kwa wale ambao mwajiri wao ana wafanyakazi 50 au zaidi. Ruhusa ya kukaa bila mshahara katika mji wenye kodi ya nyumba kama ya Oakland ni ruhusa ya kuitazama tu.

Nilipojifungua, California ilinilipa kwa mikupuo miwili. Kwanza wiki sita za mwili wangu. Kwa aliyejifungua kawaida ni wiki sita, kwa aliyepasuliwa ni nane, na daktari hutia saini kwamba huwezi kazi. Siku 42, yaani arobaini ya Tanga na mbili za bakshishi. Baada ya hapo zikaja wiki nane za kukaa na mtoto, ambazo jimbo lilikuwa limeziongeza kutoka sita Julai 2020. Fedha zote zilitoka idara moja ya jimbo, zikaingia kwenye kadi moja, nami nikazitumia kwa mambo yale yale: nepi, umeme, mchele, na vocha ya kumpigia mama. Ndani ya nyumba hakukuwa na badiliko lolote kati ya wiki ya sita na ya saba. Mtoto alilia saa tisa usiku kabla na akalia saa tisa usiku baada.

Lakini kwa mtoza kodi, usiku mmoja kati ya wiki hizo mbili ulikuwa umepita ukuta. Januari 2022 ikaja kwa posta fomu 1099-G yenye jina langu, na kiasi kilichoandikwa humo kilikuwa cha zile wiki nane peke yake. Kisanduku kilichobeba kiasi hicho kilikuwa kile cha fidia ya ukosefu wa kazi. Mume wangu akaisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna jambo kazini sijamweleza.

Hakukuwa na jambo. Kwa miaka mingi malipo ya likizo ya familia ya California yamehesabiwa, kwa kodi ya shirikisho, kama ndugu wa fidia ya mtu asiye na kazi: uko nje ya ajira kwa muda, jimbo linakufidia, basi hicho ni kipato nawe utakilipia. Zile wiki sita za mwanzo haziguswi. Ni bima ya ugonjwa ambayo mimi mwenyewe niliilipia kwa mshahara uliokwisha kukatwa kodi, na sheria ya mapato ya Marekani haitozi fedha za namna hiyo. Mama akiwa anavuja damu, fedha yake haina kodi. Akisimama na kumbeba mtoto, ina kodi. Bibi yangu, aliyekuwa hajui kusoma, asingeshangaa: yeye pia baada ya arobaini alikuwa anarudisha ufagio mkononi mwa mwenyewe.

Hiyo ni serikali ya shirikisho. Jimbo lina lake, na hapa ndipo watu wengi ninaowahudumia hupotea, kwa kuwa hudhani kodi ni moja. Ritani ya California huchukua hesabu ya kipato kutoka ritani ya shirikisho kama ilivyo, kisha kuna jedwali lenye safu mbili, moja ya kutoa na moja ya kuongeza. Pale unarekebisha kila jambo ambalo jimbo na shirikisho hawakukubaliana. Fidia ya ukosefu wa kazi na malipo ya likizo ya familia yote yanaingia safu ya kutoa. Niliandika kile kiasi cha wiki nane katika safu hiyo, na kwa upande wa Sacramento, mji mkuu wa jimbo, kikatoweka kana kwamba hakijawahi kulipwa. Tangu siku hiyo nimejifunza kusoma ritani ya jimbo lolote kuanzia huko. Jimbo likikuonea huruma, huruma yake haiko kwenye hotuba ya gavana wala kwenye bango la basi lenye picha ya mama na mtoto; iko kwenye mstari wa kutoa. Mstari usipokuwapo, na huruma haipo.

Baada ya hapo tukahamia New York kwa kazi ya mume wangu. Mimi nikapata nafasi kwenye ofisi ya mishahara ya nyumba ya kutunzia wazee, na mwaka 2023 nikajifungua wa pili.

New York imelipanga jambo hili kwa namna yake. Bima ya ugonjwa ipo tangu mwaka 1949, lakini kiwango chake cha juu ni dola 170 kwa wiki, na kimesimama hapo tangu mwaka 1989. Nilipomwambia mama kwa simu akauliza kama nimesahau sifuri. Sikusahau. Kwa wiki za mwili, mama wa New York anapewa dola 170, na ndani ya hizo, sehemu inayotokana na mchango wa mwajiri hutozwa kodi, maana mfanyakazi huchangia si zaidi ya senti 60 kwa wiki na mwajiri hubeba kilichobaki. Kwa hiyo hata arobaini yenyewe huku imetobolewa.

Likizo ya familia ndiyo nzuri. Ilianza Januari 2018 na wiki nane kwa nusu ya mshahara, ikapanda hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 2021 ikawa wiki 12 kwa asilimia 67. Mwaka niliojifungua, kiwango cha juu kilikuwa dola 1,131.08 kwa wiki. Mchango wake ulikatwa kwetu wafanyakazi, asilimia 0.455 ya mshahara, usizidi dola 399.43 kwa mwaka. Ninazikumbuka tarakimu hizi kwa sababu nilikuwa ninaziingiza mwenyewe kwenye hesabu za wenzangu. Na mchango huo hukatwa kwenye mshahara uliokwisha kutozwa kodi. Hilo nitalirudia.

Malipo hayatoki jimboni. Hutoka kwa kampuni ya bima aliyoichagua mwajiri wako. Idara ya kodi ya New York ilikwisha kusema mwaka 2017, kabla hata mtu mmoja hajalipwa, kwamba mafao haya ni kipato kinachotozwa kodi, kwamba si mshahara, na kwamba hayatakatwa kodi yenyewe mpaka mwenye kulipwa aombe. Kampuni za bima hutoa fomu 1099-MISC. Ukiwa umelipwa na mfuko wa bima wa jimbo lenyewe, utapata 1099-G. Kwa hiyo majirani wawili waliojifungua wiki moja, ghorofa moja, wanaweza kuja mezani kwangu na karatasi mbili zisizofanana kwa jambo moja.

Ritani ya New York nayo huanzia kwenye kipato cha shirikisho, na ina orodha yake ya vitu vya kutoa. Niliisoma orodha ile yote taratibu usiku mmoja, nikijua ninachokitafuta. Likizo ya familia haimo. Na sisi wakazi wa Jiji la New York hatuishii hapo, kwani jiji nalo lina kodi yake ya mapato, inayokaa kati ya asilimia 3.078 na 3.876, na hutumia hesabu ile ile ya jimbo.

Tuseme mzazi amelipwa dola 800 kwa wiki, wiki 12. Jumla ni dola 9,600. Kama familia yake iko kwenye ngazi ya asilimia 12 ya shirikisho, hapo ni dola 1,152. Jimbo, kwa ngazi ya asilimia 5.5 iliyokuwapo mwaka 2023, ni dola 528. Jiji, kwa takriban asilimia 3.8, ni dola 365. Karibu dola 2,045 zinadaiwa, na hakuna hata moja iliyokatwa njiani. California angedaiwa zile 1,152 tu. Upande wa pili wa mto Hudson, New Jersey, mambo ni kama California: jimbo halizitozi fedha zake za likizo ya familia. Ukisimama ukingoni mwa mto upande wa Manhattan unawaona watu wa Jersey City wakitembea na vigari vya watoto, na kinachokutenganisha nao ni maji, treni ya dakika chache, na mstari mmoja kwenye fomu.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Mafao haya si mshahara, kwa hiyo hayakatwi michango ya pensheni ya taifa na ya matibabu ya wazee, ile asilimia 7.65 ambayo kila mfanyakazi huilia. Asilimia 67 ya mshahara mkononi si mbaya kama inavyosikika. Na mimi sikupata mshtuko, maana nilikuwa nimeijaza ile fomu ya kuomba kukatwa kabla ya malipo ya kwanza. Karani wa mishahara anayeshtuliwa na kodi yake ni sawa na fundi bomba anayelala kwenye maji.

Walioshtuka ni wengine. Baba mmoja kutoka Bukavu alikuja maktabani tunapofanyia kazi, Februari, akiwa na bahasha imekunjwa mara nne. Alikuwa amechukua wiki zote 12 kukaa na mtoto wake wa nne. Wenzake wa ghala walimcheka, akasema, wakamwita yaya. Kwa watatu wa kwanza alikuwa njiani au kambini, na huyu aliapa atamwona anavyokua. Nilimpenda tangu hapo. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata marejesho mazuri, na kwa jamii yetu marejesho ya kodi si fedha ya kuchezea. Ndiyo mabati ya nyumba kijijini, ndiyo ada ya mdogo wako, ndiyo tiketi. Safari hii hatua zilipofika mwisho kwenye skrini, marejesho ya shirikisho yalikuwa yamepungua kidogo, lakini jimbo na jiji, badala ya kumrudishia, vilikuwa vinamdai.

Akanitazama. "Mama, feranga yangu nani alikula?"

Nilimwonyesha hatua moja moja. Miezi mitatu hakuwa na mshahara, kwa hiyo hakuna kodi iliyokatwa miezi hiyo. Badala yake zimeingia fedha za bima, ambazo hakuna aliyezikata. Upande wa shirikisho mtoto mwenyewe alimwokoa: kila mtoto mdogo alileta punguzo la kodi la hadi dola 2,000 mwaka ule, na mtoto mchanga, hata akizaliwa Desemba, huhesabiwa kana kwamba amekuwapo mwaka mzima. Deni la likizo lilizama ndani ya punguzo hilo, halikuonekana. Jimbo lilikuwa na punguzo lake kwa watoto lakini lilikuwa dogo mno, na jiji halikuwa na la namna hiyo la kufunika pengo. Kwa hiyo maumivu yote yalitokeza kule ambako hakukutarajia. Nimeliona hilo kwa wazazi wengi baada yake: huja wakiiogopa serikali kuu, kumbe anayewauma ni jimbo. Tena New York huanza kuzungumzia adhabu ya kulipa pungufu deni likifika dola 300, wakati serikali ya shirikisho husubiri mpaka 1,000.

Hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo bado ninalibeba: "Ile walinikata kila wiki kwa mshahara, kwa hii bima, ilikuwa feranga ya nani?"

Ilikuwa yake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo niliposema nitarudi. Mchango hukatwa kwenye mshahara uliokwisha kutozwa. Fao likirudi, linatozwa tena. Wanasheria wa kodi wana jibu, na jibu lao lina akili. Januari 2025 mamlaka ya kodi ya shirikisho ilitoa uamuzi uliosubiriwa miaka mingi, Uamuzi wa Mapato 2025-4, unaohusu mipango ya majimbo ya aina hii. Nilisoma kurasa zake kama mtu asomavyo barua ya ukoo. Unasema malipo ya likizo ya familia ni kipato, hayana kinga ya bima ya ugonjwa kwa sababu anayelipwa si mgonjwa, anamhudumia mwingine. Malipo ya likizo ya ugonjwa wa mtu mwenyewe hugawanywa: sehemu iliyotokana na mchango wa mfanyakazi haitozwi, sehemu ya mwajiri hutozwa. Arobaini ya bibi yangu, imepigwa muhuri Washington.

Na mchango wa mfanyakazi je? Uamuzi unasema uhesabiwe kama kodi ya mapato ya jimbo, na mfanyakazi anaweza kuutoa kwenye kipato chake cha shirikisho. Basi, watasema, hakuna kutozwa mara mbili: ulipotoa ulipunguziwa, ulipopokea umelipa. Lakini masharti yake ni kwamba uwe unaorodhesha matumizi yako moja moja, riba ya nyumba, sadaka, kodi za jimbo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, karibu walipa kodi tisa kati ya kumi hawaorodheshi. Huchukua kiwango cha jumla kinachotolewa kwa kila mtu. Mpakuaji wa mizigo wa Bronx anayepanga nyumba haorodheshi kitu. Mwenye nyumba ya ghorofa mbili Scarsdale, kitongoji cha matajiri, ndiye anayeorodhesha. Haki ipo kwenye karatasi, na mwenye kuhitaji haki hiyo ndiye asiyeweza kuifikia. Kwa mtu wa kawaida hesabu ni ile ile ya baba wa Bukavu: nilikatwa yangu, nikarudishiwa, nikakatwa tena.

Kwa serikali ya shirikisho ninaweza kukunja uso na kunyamaza. Imeshika msimamo mmoja kwa nchi nzima, kila kipato kinatozwa mpaka sheria iseme vinginevyo. Jimbo ndilo lisilo na udhuru. Jimbo ndilo lililoibuni bima hii, likapanga kiwango cha mchango, likanikata kwa lazima, likaandika asilimia 67 kwa wino mzito kwenye mabango, halafu likaichukua sehemu ya hiyo 67 kwa mkono mwingine Aprili. California na New Jersey zilitazama jambo hilo na kusema hapana. Rhode Island, ambayo ndiyo ya kwanza kabisa kwa bima ya ugonjwa, tangu mwaka 1942, haitozi malipo ya ugonjwa lakini inatoza yale ya kumtunza mtoto. Jimbo la Washington, kule Seattle kwa ndugu zetu wengi, halina kodi ya mishahara, kwa hiyo swali haliulizwi. Texas nayo haina kodi ya mapato, na haina mpango wa likizo yenye malipo pia. Huwezi kutoza usichotoa.

Nilikuwa nikiyasema haya jikoni kwangu, na jirani yangu, Mkenya wa Nakuru, mhasibu mwenye leseni, akaniacha nimalize, akamenya viazi vyake, kisha akaniuliza nyumbani kwetu inakuwaje. Alijua jibu. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mama ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mshahara unaendelea kama kawaida, na PAYE inakatwa kama kawaida, mwezi kwa mwezi. "Umewahi kumsikia mama hata mmoja Dar akilalamika kwamba mshahara wa likizo ya uzazi umekatwa kodi?" akasema. "Na mama anayefagia hospitali, ambaye hana mtoto wala likizo, analipia kila dola anayoipata kwa jasho. Wewe uliyekaa nyumbani utoke bure?"

Ni hoja nzito na sikutaka kuipuuza. Nilipokuwa Dar nikifanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, dada mmoja wa idara yetu alikwenda likizo akarudi, na kwenye hati zake za mshahara hakukuwa na alama yoyote kwamba amezaa. Hakupokea fomu. Hakushtuliwa Aprili. Kodi ilikuwa imekatwa kabla hajaizoea fedha, na hilo lina utu ndani yake.

Lakini yule dada hakuwa amechangia bima ya likizo kama hii. Mwajiri ndiye aliyelipa yote, naye alikuwa na njia zake za kulipiza: nilimsikia bosi mmoja kwenye usaili akimuuliza msichana ana mchumba au hana. Huo ndio upande wa pili wa likizo inayolipwa na mwajiri. Bima ya jimbo inamwondolea mwajiri mzigo huo na kuwabebesha wafanyakazi wote kidogo kidogo, na ndiyo maana ninaipenda kuliko ya kwetu. Mama anayefagia hospitali ya New York naye anaichangia. Siku mama yake mzazi atakapougua, ataichukua yeye, na jimbo litamtoza yeye pia. Simtakii afuu mama mwenye mtoto peke yake. Ninataka mstari wa kutoa uwepo kwa kila aliyechangia, kama tunavyopanga upatu: hakuna anayekatwa tena siku zamu yake ya kupokea inapofika.

Jirani yangu alisema upatu hauna mabango ya serikali, akaendelea na viazi. Hatujakubaliana mpaka leo.

Januari 2026 Minnesota nayo imeanza kulipa, na wifi yangu anaishi Minneapolis, mjamzito wa miezi minane. Alinipigia usiku kuuliza achukue wiki ngapi. Nikamwambia achukue zote anazostahili. Akauliza kuhusu kodi ya jimbo. Nikamweleza atazame kwanza kama ritani ya jimbo ina mstari wa kutoa kwa malipo haya, wala asimsikilize mtu wa saluni, na kwamba wiki za mwili wake na wiki za mtoto aziandike mbalimbali kwenye daftari kuanzia siku ya kwanza, kwa kuwa zitatozwa tofauti, tena aweke kidogo pembeni kwa ajili ya kodi hiyo. Akasema kuweka akiba haiwezekani, kila dola ya likizo itakwenda kwenye kodi ya nyumba.

"Basi wifi, usiiguse ya likizo," nikamwambia. "Shemeji si ana kazi? Mwambie aende kwa karani wake, aombe fomu W-4, aandike akatwe dola 40 zaidi kila malipo mpaka Desemba. Ritani yenu ni moja, haijalishi imekatwa kwa nani. Mwakani arudishe ilivyokuwa."

Akaniambia nisubiri, anamwamsha. Shemeji yangu anafanya zamu ya usiku na alikuwa na saa moja kabla ya basi.